Ndege Isiyoonekana ya Kabondo

Kasongo alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, Kisangani, na katika miaka hiyo yote hakupanda ndege hata ya kwenda kwao Kindu. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani kando ya uwanja na kufukuza kunguru na mwewe. Usicheke. Kunguru mmoja akivutwa na injini, mawaziri na mabegi yao yote wanaanza kusali kwa sauti. Kwa hiyo kila asubuhi Kasongo alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile kinachong'aa hata mtu akiwa ng'ambo ya uwanja akione, akachukua filimbi na panga, akaenda kulinda anga la jimbo zima la Tshopo.

Mtaani kwake Kabondo walimwita Komanda. Mngurumo ukipita juu ya mabati, watu walimgeukia yeye, naye alijibu papo hapo: aina ya ndege, injini zake, uzito wake, na wakati mwingine hata rubani amekula nini. Nusu ya majibu hayo ilikuwa kweli. Lakini kilichomkosesha usingizi si hizo ndege za abiria. Kilichomkosesha usingizi ni ndege kubwa za mabomu za mataifa makubwa, ambazo hazijawahi kukanyaga Kisangani na Mungu azizuie zisikanyage. Alisoma habari zake kwenye simu mpaka kioo kikapata joto. Alikuwa na msimamo, kwamba ndege ya kujificha huishinda ile ya mbio, na msimamo wake aliutetea kila alasiri mbele ya kibanda cha Carlos cha kuchaji simu, ambako wanaume wa mtaa husimama wakijadili mambo ya dunia. Mkutano huo wanauita bunge la kusimama, kwa sababu hakuna viti na hakuna anayetaka kuondoka.

Bunge hilo ndilo lililotaka kumvunjia nyumba.

Mke wake, Rosine, mwalimu wa shule ya msingi, alizaliwa Yanonge. Mwaka uliopita mama yake, Mama Colette, alipanda mtumbwi wa injini kutoka huko, akasafiri siku nzima juani kuja kuwaona. Kwenye ukoo wao mkwe wanamwita bokilo, na bokilo hachezewi. Mkwe mwanaume humpokea mama mkwe akiwa amevaa suruali nzuri, anainamisha kichwa, hampi mkono, hamsemeshi moja kwa moja ila kupitia kwa mkewe. Zaidi ya yote, mama mkwe asimwone kamwe akiwa hajavaa vizuri. Hiyo ni aibu ya kuhamia nayo mji mwingine. Basi siku ile Mama Colette alifika, akakaa siku tatu, na mara zote tatu Kasongo alirudi yule mama akiwa amekwisha kulala, kwa sababu bungeni kulikuwa na mjadala wa matangi ya mafuta. Mama mkwe akarudi Yanonge bila kupokewa.

Safari hii Rosine hakupiga kelele. Aliweka begi lake kitandani, akalifungua zipu.

"Papa Falonne, mama iko anakuya leo. Saa kumi ukose hapa, mie narudia naye Yanonge. Na watoto."

"Mama Falonne, mais unanijua!" alisema Kasongo, ambaye, kama mtaa mzima, "lakini" yake huisema kwa Kifaransa.

"Nakujua. Njo maana begi iko wazi."

Kasongo aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Alimpenda mke wake kuliko ndege ya mabomu yenye injini nane, na aliwahi kumwambia hivyo hivyo, jambo ambalo halikusaidia.

Angefika mapema kama si kofia. Saa saba hivi upepo wa mvua uliipeperusha mpaka juu ya ua wa senyenge, na Kasongo, mtu wa miaka hamsini na minne, akaupanda ua kuifuata. Aliteremka na kofia. Makalio ya suruali yalibaki juu. Akazungusha kizibao, akakishusha kidogo nyuma, akapanda baiskeli na kuelekea nyumbani akijiambia kwamba ataingia haraka, atabadilisha, na saa kumi itamkuta amesimama mlangoni na suti ya harusi.

Njia ya kwenda nyumbani inapita kwa Carlos.

"Komanda!" aliita Mahmoudi, mwendesha pikipiki wa kubeba abiria, mtu mwenye mdomo wa kasi kuliko pikipiki yenyewe. "Kuya upesi, tuko tunakuzika! Nimesema ndege ya mbio njo inarudiaka muzima vitani. Ile yako ya kujificha ni ya woga."

Mtu mwenye akili angepunga mkono akapita. Kasongo alishuka, akaegemeza mgongo ukutani kwa sababu ya ile suruali, akasema, "Dakika mbili tu."

Mahmoudi alikuwa amejipanga. Ndege ya Warusi, alisema, ile nyeupe yenye shingo ndefu, inakunja mabawa na kuipita sauti yake yenyewe. Adui akiiona kwenye rada, anaamka, anatafuta viatu, anamwita mkubwa wake, mkubwa anauliza iko wapi, na yenyewe imekwisha pita. "Donc hana hata wakati ya kukosea!"

Watu wakashangilia. Kasongo akangoja kelele zipungue, kama mwalimu mkuu.

"Bon. Kombora iko na mbio mara ngapi? Mara tatu, mara ine ya sauti. Utakimbia kombora na nini? Na ile mbio yako inakunywa mafuta: ni ya mwendo mufupi tu, kisha unapunguza. Tena ukikimbia vile unapata moto mwili muzima, adui anakuona kwa joto yako toka mbali. Sasa angalia ile ya Wamarekani, ile kama popo. Haina mukia. Mionzi ya rada ikiigonga inaruka upande, haimurudilie mwenyewe. Injini imefichwa juu ya mugongo. Inatembea pole, mais adui anaiona ikiwa karibu sana, na tayari amechelewa."

"Mais kuko rada za zamani zenye mawimbi marefu," alisema Mahmoudi, ambaye kwa bahati mbaya naye alikuwa na simu. "Zile zinaiona!"

"Zinajua kitu iko pale! Mais wapi kabisa, hazijue. Hauwezi kutupa kombora kwa kitu unawaza tu!"

Carlos, ambaye kwa kawaida hakusema neno, alikohoa. Akasema kwamba yeye amesoma kuwa siku hizi ndege zote mbili hukaa mbali na kurusha makombora kutoka huko, zisiingie kabisa kwa adui. Wote wawili walimtazama kwa huruma. Hoja ya namna hiyo inamaliza mjadala, na nani anataka mjadala uishe?

Simu ya Kasongo ikalia. Ni binti yake, Falonne.

"Papa, koko amefika. Iko anakaa kwa lupango, anaangalia barabara. Ni saa kumi kasoro kumi. Mama amevaa viatu ya safari."

Kasongo akakata simu. Mama mkwe yuko uani, uso kwenye lango, na yeye suruali yake iko Bangboka juu ya senyenge. Akageuka bila kufikiri, na bunge zima likaona kile ambacho ukuta ulikuwa umeficha. Walicheka wote, Carlos akashika mlango wa kibanda asianguke.

Lakini ni watu wema, na walipoelezwa hatari walisimama upande wake mara moja. Ikawa kazi ya kijeshi.

"Panda kwangu," alisema Mahmoudi. "Napita lango mbio, unaruka mpaka kwa mulango. Mama anapigapiga macho, umekwisha ingia!"

"Na kelele ya pikipiki? Na vumbi? Atasimama aangalie! Hapana. Mie naingia ya kujificha. Napita nyuma, kwa matembele ya Mama Orpha, naingia dirisha ya chumba. Leo mutaona."

Mahmoudi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Alikitazama sana kile kizibao cha chungwa. Akamtakia safari njema. Baadaye alisema hakutaka kuharibu jaribio.

Kasongo aliingia kwenye matembele kwa tumbo. Alijua mbinu zote: kukaa chini, kutoonyesha ubavu, kutembea polepole. Majani ya matembele yanamfikia kuku kifuani. Mama Orpha mwenyewe, jirani yao, aliyekuwa akichuma mboga, aliona kitu kikubwa chenye rangi ya chungwa kikipita mbele ya miguu yake kikihema, akasema, "Mbote, Papa Falonne," naye akajibu kwa kunong'ona, "Haunioni." Mama Orpha akakubali kwamba hamwoni.

Alipofika kwenye ua wa miti kati ya viwanja viwili alichungulia. Mama Colette alikuwa kwenye kiti cha plastiki hatua kumi tu, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha bluu, na uso wake ulikuwa umeelekea palepale ua ulipo. Kasongo akazika pua kwenye udongo. Akahesabu mpaka mia. Alipochungulia tena, mama mkwe alikuwa amegeuza kiti, mgongo wake kwenye ua, akitazama ukuta mtupu wa nyumba kana kwamba kuna mchezo unaendelea hapo. Rosine na Falonne nao walikuwa wamegeuka.

"Haina mukia," Kasongo alijinong'oneza kwa furaha. "Haina mukia, na inapita."

Alitambaa. Dirisha lilikuwa dogo kuliko alivyokumbuka, na kwa muda nusu yake ilikuwa chumbani na nusu nyingine, ile mbovu, ilikuwa nje ikipigwa na jua la alasiri. Akavuta pumzi, akaanguka ndani juu ya begi la Rosine. Lilikuwa limejaa. Zipu ilikuwa imefungwa. Akalikalia pale sakafuni kitambo, na furaha ya ushindi ikamtoka yote.

Saa kumi na dakika tano alitoka kwa mlango wa mbele na suti ya harusi, jani la matembele likiwa sikioni. Akainamisha kichwa mbele ya bokilo.

Mama Colette aligeuza kiti taratibu. Hakumtazama. Alimwambia binti yake, kama desturi inavyotaka:

"Rosine, mwambie bokilo yangu, mie niko na miaka sabini na mbili, mais macho yangu ni ya mwanamuke wa mto. Nilimuona tangu mbali, kwa ile nguo yake inawakaka. Niliona na suruali."

Falonne alitia kitambaa mdomoni. Kasongo alitamani ardhi ya Kabondo ipasuke immeze na suti yake.

"Mwambie pia," aliendelea mama, "ni mie nilisema mugeuke ninyi wote. Mara ile ingine sikugeuka. Nilikaa siku tatu naangalia lango, na hakuna mutu alijificha kwa ajili yangu. Leo mutu muzima ametambaa kwa tumbo asinipatishe haya. Kwa hiyo mie nilipeleka macho kwa ukuta. Mwambie asante."

Rosine hakungoja kuyafikisha maneno hayo kwa mumewe aliyesimama hatua mbili kutoka hapo. Akaingia ndani. Wote watatu uani walisikia zipu ya begi ikifunguliwa, na milango ya kabati, na viatu viwili vya safari vikitupwa chini ya kitanda kimoja kimoja.