Watu Ishirini na Wawili Kliniki, Mgonjwa Nyumbani

Mpaka leo nikipita mbele ya ile kliniki hujifanya natafuta kitu mkobani, maana manesi wakiniona tu wanaanza kutabasamu, na haki yao.

Mdogo wangu Salim ana saratani ya damu. Ametibiwa mara mbili, ikaondoka, ikarudi, na mimi dada yake (nauza vitambaa mjini, maneno mengi ndiyo kazi yangu) nikafika mahali pa kumlilia mtu ambaye bado yupo. Tunaishi pamoja mtaa wa Woodley, tunakula meza moja, lakini yule Salim wa kunibishia kila kitu na kumaliza chapati kabla sijakaa, huyo nilimkumbuka kila siku.

Siku moja nilikwenda peke yangu kuchukua majibu yake, daktari akaniambia kuna tiba ya seli za kinga: zinachukuliwa kwenye damu, zinabadilishwa maabara ziitambue saratani, zinazalishwa ziwe nyingi, kisha zinarudishwa mwilini zipambane nayo.

"Jumatatu njooni tuone kama itamfaa. Umenielewa, Dada Rukia?"

Zinachukuliwa kwa nani? Swali lilifika kwenye ulimi kabisa, lakini nje foleni ilikuwa ndefu na mimi sikutaka kuonekana mjinga, nikaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa, daktari."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilirekodi ujumbe kwenye grupu la familia, nalia huku naongea, kwamba Salim anatafutiwa seli, anayempenda aje Jumatatu saa mbili asubuhi bila kula (hilo la kutokula nililitunga mwenyewe, niliona linapendeza). Ujumbe ukasambaa. Shangazi yetu wa Kinoo akaahidi kuleta wenzake wa chama chao cha akiba, na jirani yangu wa duka, Bwana Kirit, akanijia na wasiwasi.

"Dada Rukia, damu yangu mimi ni dengu na mboga tu, haijawahi kuona nyama. Itamfaa?"

"Itamfaa sana," nikamjibu, kama mtaalamu.

Jumatatu Salim akavaa shati lake jeupe tayari kutoka. Nikamrudisha kitandani. "Wewe pumzika, kazi ya leo si yako."

Walikuja watu ishirini na wawili, bila kunihesabu mimi. Tulijaza mabenchi yote, wagonjwa wenyewe wakasimama. Daktari akatoka, akatutazama.

"Hawa ni nani?"

"Watoaji wa seli, daktari."

"Na Salim yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani apumzike."

Akavua miwani. "Dada, seli tunazotaka ni za Salim mwenyewe. Kwenye kupandikiza uboho wa mifupa ndiko mara nyingi hutafutwa mtu wa kutoa. Hii siyo hiyo."

Shangazi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Kwa hiyo chai tungekunywa?"

Tukampigia Salim, akaja kwa teksi. Alipofungua mlango akawaona wote wale na njaa yao, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi niliyekuwa natamani ardhi inimeze nikajikuta namtazama tu, sikutaka aache.

Daktari alitueleza upya, sote, polepole. Kwamba si kila saratani ya damu inafaa kwa tiba hii. Kwamba italazimu kusafiri nje ya nchi, na kungoja wiki kadhaa seli zitengenezwe. Kwamba zikirudishwa zinaweza kuleta homa kali, hata mtu akachanganyikiwa, kwa hiyo lazima akae karibu na hospitali na mtu wa kumwangalia. Wengine hupona, wengine ugonjwa hurudi. Salim akauliza maswali saba. Mimi nilikuwa nimeuliza sufuri.

Faili lake limeshatumwa kwa madaktari wa huko nje waamue kama tiba itamfaa, na nimeapa sitasema tena nimeelewa kabla sijaelewa. Sasa nauliza mpaka daktari ananiomba nipumue, na yote hunijibu, isipokuwa lile la mwisho, la lini tutapata jawabu. Hilo nikimuuliza huweka kalamu chini.

"Dada Rukia," huniambia, "hata mimi nangoja."