Mwalimu Ngazi, anayefundisha hesabu kwa miguu

Ni Jumamosi asubuhi, lango la shule halijafunguliwa vizuri, na Mwalimu Ngazi amepiga magoti kwenye ngazi za nje, zile za zege zinazopanda hadi ghorofa ya kwanza. Mkononi ana chaki. Kwenye kidato cha katikati anaandika sifuri kubwa. Vidato vya juu vinapata moja, mbili, tatu, hadi saba. Vya chini vinapata namba hizohizo, ila kila moja ina alama ya kutoa mbele yake.

"Leo ndiyo leo," anasema, akijipangusa vumbi kwenye sketi. Anacheka, lakini kila mara anatupia jicho langoni.

Wazazi wa darasa la saba wameitisha kikao, wanalalamika kwamba watoto wao hawasomi hesabu, wanacheza. Mwalimu mkuu amemwambia bila kuzunguka: wazazi wakikataa, michezo inaisha leo, naye anarudi ubaoni kama wenzake.

Ubaoni alishasimama miaka tisa. Darasa lake lina wanafunzi sitini na wawili, na kabla ya michezo hii, waliofaulu jaribio la namba hasi walikuwa kumi na mmoja tu.

"Waliimba 'hasi na hasi chanya' mpaka kuta zikaijua," anasimulia. "Halafu mtu anakuandikia hasi mbili jumlisha hasi tatu ni tano. Ukimuuliza kwa nini, anakuimbia tena!"

Jibu lilimjia siku ya kuhamia nyumba mpya. Wabebaji wawili walikuwa wakipandisha kabati lake, na yule wa mbele alikuwa akipanda kinyumenyume, uso kauelekeza chini. Mwalimu akapiga ukelele hapohapo kwenye ngazi, nusura kabati liwaponyoke.

"Mume wangu alidhani nimeumia," anasema, na sasa anacheka hadi machozi yanamtoka. "Namwambia, mtazame yule! Anatazama chini lakini anapanda! Si ndiyo kutoa hasi hiyo? Akanijibu, mama watoto, hebu waache watu wafanye kazi."

Mchezo ukazaliwa. Mwanafunzi anasimama kwenye namba ya kwanza. Namba ya pili ikiwa chanya, anatazama juu. Ikiwa hasi, anatazama chini. Kujumlisha ni kwenda mbele, kutoa ni kurudi kinyumenyume, mkono ukiwa umeshika chuma cha pembeni. Watoto waliupenda kupita kiasi, wakampachika na jina.

Kikao kinaanza saa tatu, darasani, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto. Wa kwanza kusimama ni Baba Pacha, fundi wa magari mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mabinti zake wote wawili wako darasa hili, na wamesimama nje dirishani wanasikiliza.

"Mwalimu, tusidanganyane," anaanza. "Kila nikiwauliza leo mmesoma nini, wananiambia tumepanda ngazi. Sasa huo mtihani utakuja na ngazi?"

Makofi yanapigwa. Mwalimu mkuu anainamisha kichwa. Mwalimu Ngazi anamgeukia Baba Pacha.

"Basi nisaidie, baba," anasema. "Hasi mbili jumlisha hasi tatu?"

"Hasi na hasi chanya! Tano!" Baba Pacha anajibu papo hapo, kifua mbele. "Hiyo tulichapwa mpaka ikaingia."

"Twende ukatuonyeshe."

Kikao kizima kinahamia nje. Baba Pacha anasimama kwenye hasi mbili, na mmoja wa mabinti zake anamshika kiwiko.

"Namba ya pili ni hasi, baba. Tazama chini. Tunajumlisha, kwa hiyo nenda mbele."

Hatua moja, mbili, tatu. Anasimama kwenye hasi tano, karibu na ardhi. Anageuka, anaitafuta ile tano yake. Iko kule juu, imetulia, wala haina habari naye.

"Ehee!" Anajishika kiuno. "Sasa mimi nashuka, halafu nasema nimefika juu?"

Watu hoi kwa vicheko, naye mwenyewe anacheka kuliko wote. Kisha anakunja uso. "Ina maana ule wimbo ni uongo? Nilichapwa bure?"

"Uliuimba mahali si pake," anasema Mwalimu. "Rudi hasi mbili. Sasa toa hasi tatu."

Baba Pacha anatazama chini. Anarudi kinyumenyume, kisigino kikipapasa zege: hasi moja, sifuri, moja.

"Napanda!" anapiga kelele. "Jamani, natazama chini na bado napanda!"

Baada ya hapo hakuna tena kikao. Kuna foleni. Mama mmoja anavua viatu vya kisigino. Wawili wanabishana kwa ukali kuhusu sifuri, na mwalimu mkuu, tai kaitupia begani, anadai zamu yake imerukwa. Anapokumbuka kuuliza nani anataka michezo ikome, hakuna hata anayegeuka kumtazama.

Mwalimu Ngazi anaketi chini kabisa, kwenye hasi saba, na kufuta machozi kwa mkono wenye chaki. Furaha imemzidi. Ndoto yake, anasema, ni kufungua darasa la wazazi kila Jumamosi.

"Mtoto akirudi nyumbani na swali, akute mtu wa kucheza naye," anasema.

Wengine wakiaga, Baba Pacha anabaki. Anakuja taratibu, sauti imeshuka kiasi kwamba mabinti zake wanasogea ili wamsikie.

"Mwalimu, mimi shule niliikimbia darasa la sita," anasema. "Niliikimbia kwa sababu ya hesabu. Hilo darasa la Jumamosi, linaanza lini?"

"Sasa hivi," anajibu Mwalimu, akinyanyuka.