Bibi Aliyepiga Makofi Merikebuni

Leo hapa Kabwe, kando ya ziwa, nimenyamazishwa. Mimi!

Ile merikebu ya matanga, nakala ya zile zilizovusha watumwa ziwani, inakarabatiwa. Kamati ya ukarabati inataka tumbo lake, mfano wa mahali walipofungiwa watu, liwe duka la soda.

Nilikuwa nafoka. (Mnanijua.)

Akaja bibi mmoja wa Kifipa. Kwenye ngazi ya kushukia tumboni akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama anayeingia nyumba ya watu. Akasubiri kuitikiwa.

Merikebu iko nchi kavu, lakini mbao zililia.

"Bibi, humo hamna mtu," fundi akamwambia.

"Mbona unanong'ona, baba?"

Fundi akaweka nyundo chini. Mbao za rafu za duka bado ziko nje.

Wanakamati mmo humu kundini. Nani atashuka kupanga soda?