Pazia Refu la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na miguu yake haimsikilizi mtu. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake imekanyaga cherehani ile ile nyeusi, kando ya dirisha la chumba cha mbele. Kila anapofika mwisho wa mshono, kisigino kinarudi nyuma chenyewe na gurudumu linasimama. Hajui hata kama anafanya hivyo. Ndiyo maana baiskeli ilimtoa jasho.

Baiskeli yenyewe aliachiwa na marehemu mumewe. Ni ya zamani, na breki yake ni kukanyaga pedeli kinyumenyume. Sasa Shangazi akifika kwenye kona, miguu inadhani mshono umeisha. Kisigino nyuma, baiskeli tuli, yeye chini. Majirani walishazoea kumwona akijikung'uta vumbi huku akijifanya anatafuta kitu alichoangusha.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alichoka kumwona na bandeji gotini.

"Dada, hebu nipe hiyo baiskeli niiuze kabla hujavunjika nyonga."

"Nikipanda mlima wa tangi la maji bila kushuka, utaniacha?"

"Ukifika juu, sitatia neno tena. Ukiweka mguu chini, naondoka nayo leo leo."

Akakubali papo hapo. Nilitamani kumziba mdomo. Tangu afiwe, hakuna kingine ila baiskeli hiyo kilichomtoa nje ya chumba kile, na sasa alikuwa anaiweka rehani kwa sababu ya ubishi.

Baba akatangulia kwenye tangi na kamba ya kuifungia baiskeli, amejiandaa kabisa. Mimi nikamkimbilia Shangazi kwa nyuma, na viatu vyangu vya kuchuchumia. Mwanzo wa mlima alikuwa anahema hadi nikamwonea huruma. Kona ya kwanza ikakaribia, nikaona kisigino kinaanza kurudi. Roho ikanipaa.

Mara nikamsikia akijisemea, "Si kola hii. Ni pazia. Leo nashona pazia."

Pazia ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote, kwa sababu mshono wake unakwenda tu, hauna pa kusimama. Kisigino kikatulia. Kona ikapita. Ya pili ikapita pia, na hapo ndipo kitu kikamfunguka mwilini. Mabega yakashuka, pumzi ikakaa sawa, akaanza kuchapa pedeli kana kwamba mlima umelazwa chini kwa ajili yake.

"Mwanangu, stimu zimepanda," akanipigia kelele bila kugeuka. "Sisikii goti wala mgongo. Mbona hamkuniambia kuna raha kama hii?"

Nilicheka huku kifua kikiniwaka, na mimi ndiye niliyekuwa kijana hapo.

Tukafika kwenye tangi, yaani alifika yeye. Baba akanyoosha mkono kumpokea.

"Haya dada, umeshinda. Shuka."

"Nishuke niende wapi? Pazia halijaisha, kaka."

Akampita. Akashika barabara ya upande wa pili, akicheka kwa sauti kubwa, kicheko kile cha zamani kinachoishia na kikohozi kidogo. Nilipomfikia Baba alikuwa bado ameshika kamba yake, anaitazama barabara.

"Kicheko hicho," akasema polepole, "nilidhani tulikizika pamoja na shemeji."