Shikamoo Niliyompa Mtoto wa Baharini

Najua mnanijua kwa uongo. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba nyani kala daftari langu. Lakini hili si la nyani. Hili limenipata mwenyewe, saa saba mchana, jua linawaka, sina homa. Asiyeamini aje Lushoto nimwonyeshe miguu yangu.

Likizo ya Juni mjomba alitubeba mimi na binamu yangu Hoza kwenye pikapu yake hadi Pangani. Mjomba hupeleka mboga kwenye hoteli za ufukweni: kabichi, karoti, na yale majani ya kizungu ambayo tunayalima lakini hatuyali. Kazi yetu kushusha mizigo, malipo yetu kuiona bahari. Sharti lilikuwa moja.

"Mguu usilowe," alisema mjomba. "Nyie kuogelea mnajua kwenye beseni tu."

Tukashusha. Mjomba akajilaza kwenye kivuli cha gari, sisi hao, ufukweni. Wazungu waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao zao walikuwa wamekwenda kula. Kote kutupu, ila mtoto mmoja wa miaka kumi hivi, kasimama juu ya ubao wake. Wimbi likamleta mpaka kwenye maji ya magotini, akashuka.

"Mbona nywele zake kavu?" Hoza akaninong'oneza.

Nikamwambia labda kapaka mafuta. Ndiyo, nilipaswa kuondoka pale pale. Wewe ungeondoka? Muongo.

Mtoto akatucheka. "Nyie wagosi wa kabichi, mnaogopa maji?" Wagosi, ndivyo watu wa pwani wanavyotuita Wasambaa.

Yaani kitoto cha darasa la nne kinanisema mimi, kidato cha tatu! Sasa, kwetu ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari inafika nyumbani kabla yako. Kwa hiyo dhihaka kubwa kuliko zote ninayoijua ni kumwamkia asiyestahili. Nikainama kabisa, kama niko mbele ya askofu.

"Shikamoo, babu!"

Hoza akaangua kicheko. Mtoto hakucheka.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. Sauti ya mzee, ile yenye kikohozi ndani yake. "Nyumbani hawajambo? Goti la bibi yako limepoa?"

Niamini, kicheko cha Hoza kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Bibi kweli anaumwa goti.

"Siku nyingi sijaamkiwa," mtoto akaendelea. "Sasa nimepata wa kumtuma. Njoo unishikie ubao, twende kule kwenye maji meusi."

Mnajua ilivyo. Ukishamwamkia mtu, akikutuma unakwenda. Miguu yangu ikaenda, na wala sikuwa nimeiambia. Maji magotini. Maji mapajani. Hoza alinidaka shati kwa nyuma, likachanika, akabaki nalo mkononi akipiga kelele, "Mjomba! Mjomba!" Mjomba anakoroma. Maji kiunoni.

Hofu ilikuwepo, sikatai. Ila kilichonijaa zaidi ni hasira. Nife kwa sababu ya adabu? Mimi? Shule nzima ingecheka msibani.

Nikakusanya ile sauti tunayowatishia kidato cha kwanza bwenini.

"Wewe dogo! Mbona hujaniamkia? Kwenu hawakukufunza? Shikamoo yangu naichukua, na yako naitaka sasa hivi!"

Uso wake ukakunjamana, kama mtoto kweli aliyekemewa. Midomo ikamcheza. "Shi..." akaanza. Hakuimaliza. Wimbi likapita katikati yetu, likanitupa mchangani nikiwa nimemeza bahari nusu. Nilipofumbua macho, hapakuwa na mtoto wala ubao.

Mjomba tulipomweleza hakutugombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliendesha mpaka Mombo, ndipo akasema, "Nani kawatuma mkaamkie watu wa majini?"

Tangu siku ile, kila saa saba mchana miguu yangu inatoa chumvi. Kuanzia nyayo hadi kiunoni, pale maji yalipofikia, haizidi hata kidole. Naoga, nasugua kwa dodoki, kesho yake ipo. Mama aliionja, akaketi kitako. Hoza huja na mihogo ya kukaanga, mjinga yule, anataka kuchovya.

Wazee wanasema nirudi na kuku mweupe nikaombe radhi. Mchungaji anasema tusali. Kusali nasali. Radhi siombi. Alianza yeye. Mjomba kaapa hatanipakia tena, lakini magunia ya karoti ni mengi na mimi ni mwembamba. Nitakwenda, na ile "shi" ataimalizia mbele yangu.

Wewe usinifuate. Ila ukifika ufukweni, ukamwamkia mtoto kwa mzaha halafu asicheke, usisubiri akutume. Wahi umdai shikamoo, umtume wewe.