Punje ya Mchele Kwenye Mtutu wa Kasmiri

"Kiboko wa kula mpunga wa Namawala mbele ya bunduki yangu bado hajanyonya!"

Kasmiri aliyasema hayo Jumapili ya Pasaka, mwaka tisini na tano, nje ya kanisa, kopo la komoni, pombe ya kienyeji, mkononi, mbele ya waumini wote na wale waliokuja kwa ajili ya komoni tu. Angenyamaza hapo, yangeisha. Akapanda juu ya benchi ili na walio nyuma wapate faida.

"Kabla ya mavuno mtakuwa mmemla na ubwabwa. Nikishindwa, kijiji kirudishiwe raifo yake!"

Raimundi, Mpogoro mwenye ulimi usio na breki, akajibu akiwa ameegemea ukuta: "Hajanyonya? Mtani, huyo ameshaota meno, na jana ameyajaribu kwa mpunga wa Mama Apolonia."

Watu wakacheka. Kasmiri naye akacheka, lakini alishuka kwenye benchi kwa uangalifu zaidi kuliko alivyopanda.

Kasmiri alikuwa mwindaji wa kijiji. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, ila kilikuwa na kidari: mnyama yeyote akianguka, kidari ni cha mwindaji. Kilikuwa pia na kiti cha mbele harusini, na shikamoo za watu aliooga nao mtoni wakiwa uchi wote. Baba yake alikishika, babu yake alikishika. Ukimvua cheo hicho, Kasmiri alibaki mwanaume mwenye baiskeli isiyo na kengele.

Na sasa kilikuwa kinamponyoka. Wiki ile baada ya Pasaka alimlenga kiboko jioni mbili. Risasi ya kwanza ilikwenda mtoni kunywa maji. Ya pili ilikata mkungu wa ndizi ambao haukuwa umemkosea mtu.

"Mtani," Raimundi akamuuliza kwa upole wa kinafiki, "yule ni kiboko, ama ni sindano? Mimi nikirusha ndala nikiwa nimefumba macho, nampata."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Stanislaus, hakutania. Alimwita ofisini, akamkaribisha kwenye benchi badala ya kiti. Kasmiri akayaelewa mazungumzo kabla hayajaanza.

"Jumapili tuna kikao," mwenyekiti akasema. "Kiboko akiwa bado yupo, bunduki inarudi hapa ofisini."

Kasmiri akaenda nyumbani akaipakata raifo kama mtoto mwenye homa. Kosa halikuwa la mkono wake, hilo aliliapia. Kulenga ni jambo jepesi: kwenye ncha ya mtutu kuna kinundu cha chuma, na nyuma karibu na jicho kuna kipengo. Kinundu kikikaa katikati ya kipengo, na mnyama akikaa juu ya kinundu, kinachofuata ni kutafuta chumvi. Mchana hata padri angeweza. Lakini kiboko hatoki mtoni mchana. Anatoka jua likishazama, mwanga ukiwa umebaki wa kuazima, na hapo kinundu cheusi mbele ya mnyama mweusi kinapotea kabisa. Unabaki unalenga kwa imani.

Basi akaanza kukitafutia kinundu mwanga. Chaki aliyoomba shuleni ilioshwa na umande kabla hata ya kazi kuanza. Akapaka dawa ya meno. Hiyo ilionekana vizuri, nyeupe pe, lakini asubuhi alikuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye mtutu.

"Bunduki inanukia mdomo mzuri kuliko mwenyewe," mke wake, Restuta, akasema huku akiwafagia sisimizi. "Na dawa yenyewe imekwisha. Mimi nipige mswaki na nini, na baruti?"

Jioni iliyofuata alibandika kimulimuli kwa utomvu wa fenesi. Aibu hiyo tuipite haraka: mdudu aliwaka alipotaka yeye, akazima alipotaka yeye, na kiboko, kama aliyepewa ratiba, alikuwa anatembea wakati wa kuzima.

Dawa ilikuja yenyewe, Alhamisi, kwa njia ya njaa. Restuta alikuwa uani anapepeta mchele, jua limeshazama, na punje moja ikaruka kutoka kwenye ungo ikaangukia mgongo wa sufuria uliojaa masizi. Giza lilikuwa linaingia, lakini punje ile ilionekana kama jino la bibi harusi. Kasmiri aliiangalia mpaka mke wake akaogopa.

"Baba Sikitu, unaumwa?"

"Sogea. Lete ungo."

Akakaa chini, akaanza kuchambua mchele, punje kwa punje. Hii imevunjika, hii ina ganda, hii imepinda. Majirani waliopita walisimama. Raimundi alisimama muda mrefu zaidi.

"Restuta," Raimundi akaita, "umemlisha nini huyu? Nipe na mimi nimpelekee mke wangu."

Kasmiri akaendelea kuchambua. Akapata punje moja ya ile aina ya supa, ndefu, nyeupe, imenyooka kama askari wa gwaride. Akaibandika juu ya kinundu kwa utomvu uleule wa fenesi, akaisimamisha wima. Kesho yake jioni akaweka papai juu ya kisiki, akamwita mwenyekiti, na Raimundi akajialika. Giza likaanza kuingia. Kasmiri akashusha pumzi, akafyatua. Papai likatoweka, na mbegu zikamfikia mwenyekiti kwenye shati.

Raimundi alinyamaza. Watu wa Namawala walikuwa hawajawahi kuuona ukimya wake, na baadhi uliwapendeza.

"Sawa," mwenyekiti akasema, akijipangusa. "Kesho ndiyo jioni ya mwisho. Risasi imebaki moja tu."

Jumamosi Kasmiri aliwahi shambani kwa Mama Apolonia, mjane ambaye mpunga wake ulikuwa karibu kabisa na mto. Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, amekunja miguu, ameshika kamba ndefu. Kamba ilikwenda hadi ukingoni mwa shamba, kwenye mti uliotundikwa debe la mafuta lenye mawe ndani. Ukivuta, debe linapiga kelele, kwelea wanaruka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukosa kwangu leo?"

Kasmiri akameza hilo, akapanda. "Leo simkosi. Ila nakuomba debe linyamaze, lisije likamtisha."

"Debe linyamaze! Mbona wewe hunyamazi?"

Lakini aliiachia kamba. Kasmiri akalaza mtutu juu ya mti wa mbele wa dungu, akatulia. Na kutulia alijua kweli. Mbu wa Namawala, ambao wataalamu wanatoka mbali kuja kuwahesabu, walimkalia shingoni wakala wakashiba, hakutikisa hata ukope. Jua likazama. Nyasi za mtoni zikalala pembeni, na kiboko akatoka, taratibu, kama mwenye shamba. Punje ikang'aa. Kasmiri akasubiri ageuke ubavu.

Sasa debe lilikuwa limenyamaza. Na kwelea mmoja, aliyekuwa amechelewa kurudi kulala, aliona shamba zima kimya, na mbele ya kimya hicho, mti mwembamba wa chuma wenye punje moja safi, imeshakobolewa. Akatua kwenye mtutu.

"Mwanangu," Mama Apolonia akanong'ona, "ndege."

"Sss."

"Ndege yupo kwenye bunduki."

"Namwona, mama."

"Anakula bunduki."

Kasmiri akapuliza kwa pembe ya mdomo. Ndege akageuza kichwa, akamtazama, akaendelea. Kumfukuza kwa mkono ni kumfukuza na kiboko. Kutomfukuza ni hivi alivyokuwa anaona: jicho moja, kipengo kimoja, na mkia wa ndege. Utomvu ulikuwa umeshika vizuri, kwa hiyo ndege alivuta, akapumzika, akavuta tena. Punje ikang'oka. Kiboko akageuka ubavu, mkubwa kama kibanda cha kijiji. Kasmiri akakumbuka benchi la ofisini. Akalenga pale mkia wa ndege ulipokuwa umeelekea, akafyatua.

Ndege aliruka na punje yake mdomoni, hakupungukiwa hata unyoya. Risasi ikapita juu ya kiboko ikaingia kwenye debe. Debe likapiga yowe, likang'oka mtini na mawe yake yote, likaanguka juu ya jiwe, likabingirika kuelekea mtoni likipiga yowe jingine kila lilipogeuka. Kiboko alikuwa amezoea milio ya bunduki. Tangu Pasaka ilikuwa haijamdhuru. Lakini debe lililopigwa risasi, linalomfuata, alikuwa hajawahi kuliona. Aliingia mtoni kwa kishindo, na habari zake za mwisho zilitoka upande wa Malinyi.

Mama Apolonia akamgeukia. "Ulilenga nini, mwanangu?"

Kasmiri akafikiri kidogo tu. "Debe, mama."

Na Jumapili, kwenye kikao, akasema hivyohivyo mbele ya wote, kifua mbele: kwamba mwindaji halisi hashindani na mnyama, anamtafutia hofu yake, kwamba debe alilichagua tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Raimundi akapiga zaidi ya wote, na hapo ndipo Kasmiri alipaswa kushtuka.

"Mwenyekiti," Raimundi akasimama, "mimi leo namuunga mkono mtani wangu. Kama anavyosema mwenyewe, kiboko amekimbizwa na debe. Sasa risasi za nini?"

Kasmiri akapiga hesabu. Akisema alimlenga kiboko, amekosa mara ya tatu. Akisema alilenga debe, Raimundi amesema kweli.

"Mheshimiwa Kasmiri," mwenyekiti akauliza, "ulilenga debe, au ulikosa?"

Restuta, kwenye mstari wa akina mama, akainama akafunga upya kanga ambayo haikuwa imefunguka.

"Nililenga debe," Kasmiri akasema.

Ikapitishwa. Raifo ikarudi ofisini, ikafungiwa kabatini. Kila shamba la mtoni lipate debe lake, na wa kwenda kuyanunua Ifakara awe Kasmiri, mtu aliyeonyesha utaalamu. Jumatatu alfajiri akapanda baiskeli, kamba za kufungia mzigo begani. Waliokutana naye njiani, badala ya shikamoo, walimwambia "mambo vipi."

Debe tupu, sokoni Ifakara, lilikuwa shilingi mia sita, na kidari hakimo.