Bima Ndogo na Kibuyu cha Dereva

Mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Benaco ilipojaa watu, mimi sikumwamini mtu. Usinilaumu. Bei zilipanda, nyuso ngeni zilikuwa kila mahali, na kila mwenye gari alikimbilia kubeba mizigo ya kambini. Lori mojawapo la mahindi lilimgonga baba yangu pembeni ya barabara, akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Breki hazikushika. Lilimvunja mguu wa kulia, likaingia mtaroni, na watu sita waliokaa juu ya magunia wakaumia pia.

Hospitali ya misheni walimfunga plasta. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari akasema uvunjwe upya na kuwekewa chuma, na kazi hiyo ni ya Mwanza. Bila hivyo baba hatalima tena. Na baba alikuwa mtu wa jembe, hana kingine. Basi mimi, niliyemaliza darasa la saba na kukijua Kiswahili cha ofisini kuliko wote nyumbani, nikabeba fomu ya polisi nikaenda Ngara mjini kudai fidia.

Karani wa bima alinizungusha wiki tatu. Njoo kesho, njoo Jumatatu. Nilijua tu anataka chai. Kumbe siku aliponiketisha, aliniambia jambo baya kuliko rushwa: lori lile lilikatiwa bima ndogo kabisa, na hicho kidogo kinagawanywa kwa majeruhi saba. Fungu la baba lingetosha nauli na magongo. Kilichobaki tungeweza kumdai tajiri, yaani mwenye lori, lakini tajiri alishaandika kwamba siku ile dereva alichukua gari bila ruhusa yake. Nikauliza dereva mwenyewe anasemaje. Karani akasema hajatokea. Hapo hapo nikaona yeye na tajiri wake wamekula njama.

Jumapili moja baada ya misa, dereva akaja kwetu Keza, peke yake, kwa miguu, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija mmoja. Kwetu aliyekosa humletea aliyekosewa kibuyu, wakanywa wote wawili kwa mrija huo huo, na kabla ya kunywa halisemwi neno zito. Dereva akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kupokea mrija.

Damu ikanichemka. Nilishasikia habari za watu waliokunywa asubuhi, jioni ikaelezwa kwa balozi wa nyumba kumi kwamba wamesamehe na kesi imekufa. Nikasimama katikati yao.

"Baba, usinywe. Huyu ametumwa na tajiri wake."

Baba alinitazama, akamtazama dereva, akarudisha mkono. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Dereva alikaa na kibuyu katikati ya magoti, akinitupia macho kama anayengoja nitoke. Sikutoka ng'o. Mwishowe akaaga, akaondoka na kibuyu chake kizima. Siku nzima nilijipiga kifua, nikimwambia mama kwamba wanaume wa nyumba hii wangeuzwa kwa kikombe cha pombe.

Niliporudi kwa karani akasema tukitaka kumbana tajiri, tulete mtu wa kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeagiza gari litoke, tena akijua ni bovu. Nikamfuata fundi aliyekuwa akilitengeneza, nyuma ya stendi ya Ngara. Alikuwa chini ya gari jingine, akajibu huku amelala. Ndiyo, alimwambia tajiri kuwa breki ni mbovu, na tajiri akaamuru mahindi yapakiwe hivyo hivyo. Kusema hayo polisi alikataa, maana kazi zake zote zinatoka kwa tajiri huyo. Kisha akatoka chini ya gari, akanitazama.

"Kwani dereva hakuja kwenu? Alifukuzwa kwa kukataa kusaini kwamba aliiba gari. Aliniambia anakwenda kunywa na mzee wako, halafu waende wote polisi akaseme kila kitu."

Nilimtafuta dereva yule hadi Biharamulo, mara mbili, nikiuliza kila aliyeshika usukani. Hakuna aliyejua alikokwenda. Tajiri hakulipa hata senti, na Mwanza hatukufika.

Lakini jioni ile ile niliyotoka kwa fundi, nilimkuta baba mlangoni, mguu ameunyoosha. Akaniuliza fundi kasemaje. Niliona aibu iliyonishinda. Nikamwambia fundi hajui kitu, na dereva alikuwa tapeli tu, kama nilivyosema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Aliishi na magongo miaka kumi na minne, na kila mgeni aliyeketi kwetu alimsimulia jinsi binti yake msomi alivyomwokoa na mtu mwongo. Nami nilikuwa hapo hapo, nachambua maharage, nasikia.